Milimita Mbili na Nusu

Kiel ni mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, na sehemu kubwa ya historia ya ganzi ya mgongo inaanzia huko, tena inaanza na watoto. Daktari Heinrich Quincke hakuwa akitafuta ganzi. Shida yake ilikuwa watoto waliojaa maji kichwani, ambao wakati ule hawakuwa na dawa. Akawaza kwamba maji yanayouzunguka ubongo yanashuka mpaka kiunoni, kwa hiyo yangeweza kupunguzwa kupitia kiunoni. Mwaka 1891 aliwaeleza madaktari wenzake jinsi alivyopitisha sindano nyembamba katikati ya pingili za mgongo na kuyatoa bila kupasua. Mmoja wa wagonjwa wake wa mwanzo kabisa alikuwa mvulana ambaye hakuwa ametimiza miaka 2.

Kutengeneza sindano yenyewe hakukuwa kazi kubwa. Swali lilikuwa ichomwe wapi. Ndani ya mgongo hushuka ugwe wa neva kutoka kwenye ubongo, na ukiujeruhi, miguu inaweza kupooza. Kwa mtu mzima ugwe huo huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo huning'inia mizizi ya neva tu, inayoelea majini na kuipisha sindano inapopita. Quincke akachagua kuingia chini zaidi, kwenye nafasi iliyo kati ya pingili ya tatu na ya nne.

Lakini mtoto mchanga si mtu mzima aliyepunguzwa vipimo. Anapozaliwa, ugwe wake unaweza kufika mpaka pingili ya tatu, kwa sababu mifupa ya mgongo hukua haraka kuliko neva iliyomo ndani, na ugwe huonekana kama unapanda kadiri mtoto anavyorefuka. Ule mfuko wa maji unaouzunguka nao hushuka zaidi kwa mtoto. Kwa hiyo nafasi ambayo kwa baba ni salama bila shaka yoyote, kwa mwanawe wa wiki tatu iko karibu mno na hatari. Tofauti ni ya pingili moja au mbili, na kwa mwili wa kichanga pingili moja ni upana wa ukucha.

Madaktari walichukua karibu karne nzima kuikubali tofauti hiyo kwa vitendo. Kila mara walipotaka kumtia mtoto ganzi walianza na ramani ya mtu mzima, wakaigawanya kwa uzito au umri, wakachoma. Na kila mara mtu alipothubutu kupima miili ya watoto wenyewe, ramani ilihama.

Sindano ya Quincke iligeuzwa kuwa sindano ya ganzi mjini humohumo Kiel na daktari wa upasuaji, August Bier. Kokeini ilikuwa imeshapata jina tangu 1884, pale Carl Koller wa Vienna alipoonyesha kwamba tone lake linalifanya jicho lisihisi kisu. Tarehe 16 Agosti 1898 Bier aliingiza kokeini kidogo kwenye maji ya mgongo wa kibarua mwenye umri wa miaka 34, ambaye kifundo chake cha mguu kilikuwa kimeliwa na kifua kikuu. Miongoni mwa wagonjwa wachache waliofuata alikuwemo mtoto wa miaka 11. Siku chache baadaye Bier na msaidizi wake Hildebrandt walijaribiana wenyewe. Hildebrandt alipokufa ganzi, Bier alimgonga kwa nyundo ya chuma kwenye muundi na kumchoma kwa sigara, naye hakuhisi kitu. Kisha wote wawili waliumwa kichwa kwa siku kadhaa. Wanahistoria wa tiba hupenda kukisimulia kisa hiki cha nyundo, na yule mtoto wa miaka 11 husahaulika, ingawa kwa mkondo wa historia hii yeye ana uzito zaidi kuliko muundi wa Hildebrandt.

Habari zilivuka bahari upesi. Mjini New York, mwaka 1900, William Bainbridge alimfanyia upasuaji wa ngiri iliyonyongwa mtoto wa miezi 3 aliyetiwa ganzi ya mgongo, na mwaka uliofuata akachapisha ripoti ya upasuaji wa watoto kadhaa wadogo. Huko London, Tyrrell Gray aliitumia njia hiyo kwa watoto wa hospitali ya Great Ormond Street na kuandika mfululizo wa makala katika jarida la Lancet mwaka 1909 na 1910. Ukiikumbuka hali ya nusukaputi ya siku zile, klorofomu na etha zilizotiwa kwenye kitambaa na kufunikwa usoni mwa mtoto asiyeacha kulia, utaelewa kwa nini madaktari hawa walivutiwa. Mtoto dhaifu mwenye utumbo ulionyongwa alikuwa anaweza kufa kwa dawa ya usingizi kabla kisu hakijamfikia.

Mahali pa kuchoma palitafutwa kwa vidole. Théodore Tuffier, daktari wa upasuaji wa Paris, aliacha mstari unaoitwa kwa jina lake hadi leo: unashika kingo za juu za mifupa ya nyonga pande zote mbili, unaziunganisha kwa mstari wa kufikirika, na pale mstari unapoukata mgongo ndipo pingili ya nne ya kiuno ilipo. Ni alama nzuri, rahisi, haigharimu kitu. Kwa mtoto mchanga, ambaye nyonga zake bado ni ndogo, mstari uleule hupita chini zaidi, pale pingili ya tano inapokutana na sakramu. Hapa maumbile yaliwahurumia madaktari. Ugwe wa kichanga uko chini, lakini na mstari nao umeshuka, hivyo aliyeufuata bila kujua tofauti hiyo bado aliangukia mahali salama. Bahati kama hiyo haikujirudia sehemu nyingine za mwili.

Kisha shauku ikapoa. Mwaka 1942 Harold Griffith wa Montreal aliingiza kurare kwenye chumba cha upasuaji, dawa ya kulegeza misuli. Thiopentali ya kulaza kwa sindano ilikuwa imeshafika miaka michache kabla. Jackson Rees wa Liverpool akaonyesha mwaka 1950 jinsi ya kuwalaza vichanga na kuwapumulisha kwa usalama. Kwa nini basi kuhangaika na sindano ya mgongo kwa mtoto anayepiga mateke? Kwa takriban miaka 30, ganzi ya watoto ilibaki kazi ya wachache wasiopenda kuacha.

Wachache hao walishikilia njia moja hasa, ya mkiani. Ilikuwa imegunduliwa mara mbili katika mwaka uleule wa 1901 mjini Paris, na Jean-Athanase Sicard na Fernand Cathelin, kila mmoja kivyake. Sakramu ni mfupa wa pembetatu uliotokana na pingili 5 zilizoungana, na ile ya tano kwa kawaida haijifungi upande wa nyuma. Huacha tundu dogo, juu kidogo ya kifandugu, lililofunikwa na utando tu. Ukipitia hapo unaingia kwenye nafasi iliyo nje ya mfuko wa maji ya mgongo, na dawa ukiisukuma hupanda ikiziosha neva zinapotoka. Mwaka 1933 Meredith Campbell, daktari wa njia ya mkojo wa New York, aliandika kuhusu kuitumia kwa watoto waliohitaji kuchunguzwa kibofu.

Kwa mtu mzima tundu hilo ni la kubahatisha: mafuta yamelifunika, mifupa imejikunja, kwa wengine limeziba kabisa. Kwa mtoto liko wazi. Mtoto analazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea tumboni. Kidole cha mkono wa kushoto kinashuka katikati ya mgongo mpaka kikutane na vijipembe viwili vya mfupa vilivyokaa sambamba, na katikati yake kibonde laini. Mwenye shaka hujipima kwa pembetatu: vibonyeo viwili vya juu ya makalio ni pembe mbili, tundu ni pembe ya tatu, na pande zote tatu ni sawa. Sindano fupi inaingizwa kwa mshazari. Inakutana na utando, unakaza kidogo, kisha inaachia ghafla, na mkono uliozoea unahisi. Hapo daktari anasimama, kwa sababu kwa kichanga ule mfuko wa maji hauko mbali. Anavuta bomba kuona kama kuna damu au maji, ndipo anapoisukuma dawa polepole.

Njia hii ya mkiani, kwa maoni yangu, ndiyo inayowafunza wanafunzi kwamba udogo wa mtoto si ugumu tu. Kuna kazi ambayo mwili wa mtoto unairahisisha, na mtu mzima ndiye mgonjwa mgumu.

Ilibaki hesabu ya dawa. Ukishajua pa kuchoma, unachoma kiasi gani ili ganzi ifike kitovuni isifike kifuani? Ottheinz Schulte-Steinberg wa Ujerumani alipima jinsi dawa inavyosambaa kwa watoto na mwaka 1970 akaonyesha kwamba kusambaa huko kunafuata umri. Watafiti wa Japani, mwaka 1977, walisema uzito ni kipimo kizuri zaidi. Edward Armitage wa Brighton, Uingereza, mwaka 1979, alimaliza ubishi kwa kanuni ambayo mwanafunzi huikariri kwa jioni moja: mililita 0.5 za bupivakaini hafifu kwa kila kilo ya mtoto kwa upasuaji wa sehemu za siri na miguu, mililita 1 kwa kilo kwa kinena na chini ya tumbo, na mililita 1.25 ikitakiwa kupanda zaidi. Hospitali nyingi duniani zinaitumia mpaka sasa, zikiwa na mabadiliko madogo ya nguvu ya dawa.

Miaka ya 1980 ilileta haraka mpya, na sababu mbili ziliisukuma. Ya kwanza ilikuwa aibu. Kwa muda mrefu madaktari wengi waliamini kwamba kichanga hahisi maumivu kama mtu mzima, au akihisi hakumbuki, na vichanga walipasuliwa wakiwa wamelegezwa misuli lakini wamepewa dawa kidogo sana ya maumivu. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand, akifanya kazi Oxford, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba vichanga waliopewa dawa ya kutosha ya maumivu walipata mshtuko mdogo wa mwili na matatizo machache baada ya upasuaji. Ubishi ukaanza kufa.

Sababu ya pili ilikuwa njiti. Vyumba vya uangalizi maalumu vilikuwa vimeanza kuwaokoa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na njiti wengi, hasa wavulana, hupata ngiri. Mwaka 1982 David Steward wa Toronto alionya kwamba watoto hao, hata kwa upasuaji mdogo, huweza kusahau kupumua baada ya nusukaputi. Huko Burlington, katika jimbo la Vermont, Christian Abajian alikuwa na jibu la zamani: ganzi ya mgongo ya Bainbridge, mtoto akiwa macho. Ripoti yake ya 1984 ndiyo iliyorudisha njia hiyo duniani.

Inafaa kuiangalia kazi hiyo kwa karibu, maana hufanyika haraka na haina nafasi ya kusitasita. Muuguzi anamkalisha mtoto kitako au kumlaza ubavu na kumshika mabega na nyonga. Mgongo unapindwa, lakini kichwa hakiinamishwi. Shingo ya kichanga ikikunjwa, njia ya hewa inaziba, na mtoto anaweza kugeuka wa bluu mikononi mwa mtu aliyedhani anamshika vizuri. Sindano inaingia kwenye usawa wa mstari wa Tuffier, kina chake kwa njiti ni takriban sentimita moja. Maji yanatoka kwa matone. Dawa inaingia, na miguu iliyokuwa ikipiga teke inalegea kabla bandeji haijabandikwa. Kuanzia hapo kuna amri moja ambayo kila aliyemo chumbani anaijua: miguu isiinuliwe. Mtu akiinyanyua ili kubandika karatasi ya mashine ya umeme ya upasuaji mgongoni, dawa nzito inateremka kuelekea kifuani na mtoto anaacha kupumua.

Muda nao ni mfupi. Kichanga ana maji mengi ya mgongo kwa kila kilo, karibu mara mbili ya mtu mzima, hivyo anahitaji dawa nyingi zaidi kwa uzito wake na bado inamwishia upesi, mara nyingi ndani ya saa moja na nusu. Kwa upande mwingine, shinikizo lake la damu halishuki kama la mtu mzima, jambo ambalo Shuji Dohi na wenzake wa Japani walilionyesha mwaka 1979. Hospitali ya Vermont iliendelea kuandika kila mtoto kwenye daftari lake, na mwaka 2006 ilichapisha habari za watoto 1,554. Kwa wengi mno sindano ilifika mahali pake.

Afrika iliingia kwenye simulizi hii kupitia Durban. Adrian Bösenberg alikuwa na vichanga waliohitaji upasuaji mkubwa wa tumbo, na vifaa vya kuwapumulisha baada ya upasuaji vilikuwa haba. Ganzi ya kifuani ingewawezesha kupumua wenyewe, lakini kuchoma mgongo wa kichanga usawa wa kifua, palipo na ugwe, ni jambo la kutisha. Bösenberg akafikiri kama mpanda mlima: ingia chini, panda taratibu. Mafuta yaliyomo ndani ya mfereji wa mgongo wa mtoto mdogo ni laini, hayajagawanyika kwa nyuzi kama ya mtu mzima. Aliingiza mpira mwembamba kupitia tundu la mkiani na kuusukuma mpaka kifuani, kisha akapiga picha ya eksirei kuhakikisha ulikofika. Makala ya 1988, aliyoiandika pamoja na Schulte-Steinberg na wengine, ilisomwa kote. Wenzake waliojaribu kwa watoto wakubwa kidogo waligundua kwamba mpira hujikunja njiani, na swali likawa jipya: ncha iko wapi?

Eksirei ilijibu, ila kwa mionzi. Kuna waliotegemea sikio: walisukuma hewa kidogo huku kifaa cha kusikilizia moyo kimewekwa kiunoni, na mvumo ukisikika walijua wako mahali pake. Hewa mgongoni mwa mtoto si jambo la mchezo, na mwaka 2003 Orme na Berg walionyesha kwamba dawa yenyewe inaposukumwa hutoa mlio unaosikika, hivyo hewa haihitajiki. Ban Tsui wa Edmonton, Kanada, alitumia umeme. Alipitisha mkondo mdogo kwenye mpira wenye waya na kutazama misuli ipi inacheza: mguu ukitikisika, ncha iko kiunoni, mbavu zikitikisika, imefika kifuani. Kipimo hicho cha 1998 kimebaki na jina lake.

Umeme haukuwa mgeni katika kutafuta neva. Georg Perthes wa Tübingen aliutumia mwaka 1912, na mwaka 1962 Greenblatt na Denson wakaunda kifaa kidogo cha kubebeka mkononi. Kwa watoto kilikuwa na maana ya pekee. Mtu mzima anayechomwa sindano ya bega huweza kusema "hapo, nimehisi shoti mpaka kidole gumba." Mtoto wa miaka 3 hawezi, na kwa kawaida amelazwa usingizi kabla ya kuchomwa. Misuli yake ndiyo inayosema kwa niaba yake. Mwaka 2002 Bösenberg, Robert Raw na André Boezaart walikwenda mbele zaidi: wakapitisha ncha ya umeme juu ya ngozi, bila kuchoma, na kuifuata neva mpaka misuli ilipocheza, wakaweka alama ya kalamu. Ngozi na mafuta ya mtoto ni membamba kiasi kwamba umeme hupenya.

Kabla ya hapo, huko Clermont-Ferrand, Ufaransa, Bernard Dalens alikuwa amefika kwenye ukweli ambao wengi hawakuupenda. Njia iliyotumika kutia ganzi paja ilikuwa sindano moja karibu na neva ya paja, kwa imani kwamba dawa itapanda na kuzifikia neva tatu. Mwaka 1989 Dalens na wenzake waliwapima watoto 120. Njia hiyo ya kuiandama neva ilifanikiwa kikamilifu kwa asilimia 20 tu. Njia yake mpya, ambayo haiitafuti neva kabisa, ilifanikiwa kwa zaidi ya asilimia 90. Yeye aliigawanya kano ya kinena sehemu tatu sawa, akashuka nusu sentimita chini ya mpaka wa theluthi ya nje, akasukuma sindano butu mpaka mkono wake ulipohisi kuachia mara mbili, kila mara kwa utando mmoja. Chini ya utando wa pili akamwaga dawa na kuiacha isambae. Mbali na mshipa mkubwa wa damu, mbali na neva.

Ubutu wa sindano una sababu. Sindano kali hupenya kila kitu bila kumwambia mkono neno, na tando za mtoto ni nyembamba kiasi kwamba sindano kali huzipita kama hazipo.

Sasa tufike kwenye kinena, mahali ambapo ramani ya mtu mzima iliumbuka kuliko popote. Upasuaji wa ngiri na wa korodani isiyoshuka ni miongoni mwa upasuaji unaofanywa mara nyingi zaidi kwa wavulana, na kuna neva mbili ndogo ambazo ukizitia ganzi mtoto huamka bila maumivu makali. Zinapita karibu na ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, ile unayoiona ikitokeza kwa mtoto mwembamba. Vitabu vilielekeza pa kuchoma kwa vipimo vya sentimita au kwa upana wa kidole, kuanzia kwenye ncha hiyo kuelekea kitovuni. Kidole cha nani, cha daktari au cha mtoto, ni swali ambalo vitabu havikulitilia maanani sana. Ganzi hiyo ilishindwa mara nyingi, na lawama alitupiwa mchomaji.

Mwaka 2005 Albert van Schoor wa Chuo Kikuu cha Pretoria, akiwa na Bösenberg na wengine, alifanya jambo ambalo lingepaswa kufanywa miongo kadhaa nyuma. Walichukua maiti 25 za vichanga, wakafunua kinena, wakazitafuta neva na kuzipima. Ilikutwa kwamba neva hizo ziko karibu na mfupa kuliko vitabu vyote vilivyosema, umbali wa milimita chache tu. Wakapendekeza sindano ichomwe takriban milimita 2.5 kutoka kwenye ncha ya mfupa, juu ya mstari unaoelekea kitovuni. Aliyefuata sentimita ya kitabu alikuwa ameziruka neva zote mbili.

Kutoka Vienna ukaja ushahidi wa namna nyingine. Madaktari wa mji huo walikuwa wameanza kuongoza sindano kwa altrasaundi miaka ya 1990, kwanza kwa watu wazima. Mwaka 2004 Peter Marhofer alichapisha matumizi yake kwa mabega ya watoto, na mwaka 2005 Harald Willschke akaipeleka kinenani kwa watoto 100. Waliochomwa kwa kutazama picha walihitaji mililita 0.19 za dawa kwa kilo, dhidi ya 0.3 kwa waliochomwa kwa kuhisi utando, na bado ni asilimia 4 tu walioongezewa dawa ya maumivu wakati wa upasuaji, dhidi ya asilimia 26.

Makala iliyouma zaidi ni ya 2008, ya Marion Weintraud, Marhofer, Bösenberg na wenzao. Waliwaacha madaktari wachome kwa njia ya zamani, kwa alama na kwa kuhisi, kisha wakatazama kwa altrasaundi dawa imekwenda wapi. Kati ya watoto 62, dawa ilifika kwenye neva kwa asilimia 14. Kwingine iliingia katika misuli hii au ile ya ukuta wa tumbo, nyingine kwenye msuli wa ndani ya nyonga, nyingine chini ya ngozi, na kwa wachache ilifika kwenye utando wa ndani ya tumbo, jirani na utumbo. Wachomaji hao hawakuwa wanafunzi wa wiki ya kwanza. Walihisi kuachia kwa sindano, lakini ukuta wa tumbo una tabaka kadhaa, na kila tabaka huachia kwa namna ileile.

Altrasaundi ilipata kwa watoto msaada ambao watu wazima hawaupati. Neva zao haziko mbali na ngozi, kwa hiyo picha ni kali. Na kwa mtoto wa miezi michache, pingili za mgongo bado ni gegedu kwa sehemu kubwa, hivyo mawimbi hupenya na daktari huona ndani ya mfereji: ugwe, maji, hata dawa inapousukuma mfuko wa maji. Ukikumbuka Quincke akikisia kwa vidole, ni vigumu kutomwonea wivu kijana wa leo mwenye mashine.

Lakini mashine haziko kila mahali, na takwimu za usalama zinaonyesha kwamba vidole navyo vilifanya kazi yao. Chama cha wataalamu wa usingizi wa watoto wanaozungumza Kifaransa kilihesabu ganzi 24,409 za mwaka mmoja, kuanzia Mei 1993 hadi Aprili 1994, kabla altrasaundi haijaenea. Matatizo yalikuwa 23, yote katika ganzi za mgongoni, hakuna hata moja katika ganzi za neva za pembeni, na hakuna mtoto aliyebaki na ulemavu. Nchini Marekani mtandao wa hospitali za watoto ulikusanya zaidi ya ganzi 100,000 na kuchapisha mwaka 2018: hakuna aliyepata kasoro ya kudumu ya neva. Takwimu za mtandao huohuo zilimaliza pia ubishi mkali wa kama ni halali kumchoma mtoto aliyelala, asiyeweza kusema kwamba anaumia. Waliochomwa wakiwa usingizini hawakupata madhara zaidi ya waliokuwa macho.

Mwaka 2016 Mauricio Forero wa Hamilton, Kanada, alieleza ganzi mpya ya kifua ambayo baada ya muda mfupi ilianza kutumika kwa watoto. Inamfuata Dalens zaidi kuliko Perthes, kwa kuwa neva haitafutwi. Sindano inashuka kwa mwongozo wa altrasaundi mpaka iguse kijipembe cha pembeni cha pingili, chini ya misuli mirefu ya mgongo, na dawa inamwagwa hapo, mbali na mapafu na mbali na ugwe. Mahali pa kuchoma hapana utata, kwani mfupa unaonekana wazi kwenye kioo. Ubishi uko kwenye safari ya dawa baada ya hapo. Maiti zilizochunguzwa kwa rangi zimetoa majibu yanayopingana: katika baadhi rangi ilifika mbele mpaka kwenye mizizi ya neva, katika nyingine ilibaki nyuma, ndani ya misuli.